Punje za Mwaloni wa Miiba

Kwetu kijijini Macchiascura mwanamke hupimwa kwa kucha. Si mwaka mzima; mwaka mzima kucha ndefu ni za mvivu au za mke wa bwana forodha. Lakini Kwaresima ikianza, Padri akishatupaka majivu kwenye paji la uso, wanawake huanza kuzifuga, na tangu siku hiyo wanaume hujikuta wakikanda unga wa mkate huku wakinung'unika. Hufugwa hadi mwezi wa tano, kwa ajili ya grana, zile punje nyekundu zinazoshika matawi ya mialoni ya miiba huko vichakani. Punje yenyewe ni ndogo kama dengu, imeng'ang'ania ganda la mti, na hakuna kisu wala kibano kinachoibandua bila kuipasua. Ni ukucha tu.

Mwaka ule kucha za Menga zilikuwa nzuri kuliko za wote, na yeye ndiye aliyekuwa akizificha chini ya aproni.

Menga alikuwa mke wa Titta mchungaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, maneno machache. Alikuwa amezika wanne. Wawili walitoka kabla ya kupata sura, wawili walizaliwa wamekamilika hadi kope, ila hawakulia. Mwezi wa tisa uliopita, sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, alibaki kanisani wenzake walipotoka. Akalitazama joho la sanamu, ambalo lilikuwa limepauka likawa rangi ya ganda la kitunguu, akaweka nadhiri kwa sauti, maana nadhiri ya kimoyomoyo ni rahisi kuikana. "Mama, nipe mmoja anayepumua. Ukinipa, joho lako jipya nitalivunia mimi, punje zote, kwa mikono yangu."

Akapewa. Majivu ya Kwaresima yalimkuta ameshajua. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana kwetu mja mzito hagusi grana. Hapewi kikapu, hapiti chini ya mialoni, haketi hata karibu na shuka ambazo punje huanikwa. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa rangi itakataa. Ukiuliza rangi itakataaje, unaambiwa asiyejua maana haambiwi maana, na mazungumzo yameisha.

Menga aliwaza hivi: mila ni ya watu, nadhiri ni ya Mama wa Mungu. Mila ukiivunja utasengenywa. Nadhiri ukiivunja, aliyekupa atachukua alichokupa. Akakaza aproni, akanyamaza. Hata Titta alipoondoka na kondoo kwenda milima ya kaskazini, kama wachungaji wetu wanavyofanya kila joto likianza, aliondoka hajui. Kusema ni kuliita jicho baya, na jicho baya lilikuwa limeshakula wanne.

Siku ya kwanza ya mavuno wanawake walikusanyika ukingoni mwa kichaka alfajiri, umande ukiwa bado mbichi, kwa kuwa majani ya mwaloni ule yakikauka huchoma kama sindano. Mbele alisimama Vennera, mama mkwe wa Menga na kiongozi wa wavunaji: mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia wala akicheka hadi meno yakaonekana. Don Liberio alikuja kubariki. Alikuwa padri mpya, kijana wa mjini Lecce, miguu yake bado haijayazoea mawe yetu, na alipenda maneno kama watoto wanavyopenda sukari. Alinyunyiza maji ya baraka, akasali, watu wakaitika amina. Angeishia hapo, mambo mengi yangebaki yalivyokuwa.

"Mama zangu," alisema, "mnajua kwamba mnachuma neno la Kilatini?"

"Sisi tunachuma grana, Padri," alijibu Cicca, jirani yake Menga, mjane ambaye ulimi wake haukuwa na mfupa hata mmoja. "Hicho Kilatini kama kinaliwa, tuletee na mkate."

Wakacheka. Padri naye akacheka, na kwa bahati mbaya akapata moyo.

"Sikilizeni. Rangi inayotoka hapa tunaiitaje? Vermiglio. Haya. Warumi wa kale waliiita coccum, yaani kokwa, kitunda, kwa sababu walidhani kama mnavyodhani ninyi, kwamba ni tunda la mti. Na ninyi mmeiita grana, punje, ni kosa lile lile. Lakini waliokuja baadaye walichungulia vizuri, wakaiita vermiculus. Neno likapita kinywa hadi kinywa, likachakaa mkia, likawa vermiglio. Na vermiculus maana yake ni kijidudu."

"Kijidudu?" Cicca aliinua mikono yake, kucha zikiwa zimetoka kama za paka. "Yaani nimefuga hizi tangu Kwaresima ili nikachume kunguni?"

Kicheko kikapanda tena. Vennera hakucheka. "Padri," alisema, "umande unakauka."

"Namaliza, mama yangu. Mwalimu wangu wa seminari aliziacha punje kwenye tawi hadi mwezi wa sita, azione. Zilipasuka. Kumbe kila moja ni jike. Hana miguu tena, hana macho, amejigandisha pale na kuwafunika wanawe kwa mwili wake hadi siku watakapotoka. Yeye hufa, wao hutoka. Ule wekundu ndio wao." Alitabasamu kwa upole, maana kwa kweli alikuwa mtu mpole. "Watu walisahau, neno likakumbuka. Ajabu ya Mungu, sivyo?"

"Twendeni," alisema Vennera.

Wasichana waliingia kichakani wakitaniana, wakiitana mama kunguni na binti kunguni. Menga alibaki nyuma kidogo. Alikuwa ameona kitu. Vennera na wale bibi wengine, waliokoma kuzaa, hawakushangaa hata kidogo. Walikuwa wametazama chini wote, kama watu waliosikia siri ya nyumbani mwao ikisomwa sokoni.

Alikwenda kwenye mwaloni aliouchagua tangu Pasaka, uliojaa punje hadi matawi ya chini. Akainama, akaingiza ukucha wa kidole gumba chini ya punje ya kwanza, akaibandua. Kwa kawaida hutazami. Mkono unabandua, mkono unatupa kikapuni, macho yameshahamia tawi lingine, na usiku unalala vidole vikiendelea na kazi peke yake. Safari hii aliigeuza kiganjani. Upande wa chini ulikuwa na shimo kama kibakuli, na ndani ya shimo mlikuwa na ule unga mwekundu anaoujua tangu utoto, unga wa punje, ambao mara nyingi ameupangusa kwenye sketi bila kuwaza. Alisogeza kiganja kwenye mwanga. Aliutazama sana. Sehemu ya unga ilikuwa ikitembea.

Akairudisha punje mahali pake. Ni upumbavu, alijua. Ikishabanduka haishiki tena. Ilianguka kwenye majani makavu. Alipiga magoti, akaitafuta kwa vidole, hakuiona.

Akasema moyoni, ni mdudu tu. Mbona kuku unamchinja, na mwanakondoo wa Pasaka ulimshika miguu wewe mwenyewe. Akainuka, akaweka ukucha chini ya punje nyingine, na ukucha ukakataa kusukuma. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa, hofu ya pande mbili. Alikuwa ameahidi kuwabandua hawa mama mmoja mmoja, pamoja na walichofunika, ili mwenyewe aachiwe alichofunika. Mama wa Mungu aliisikia ahadi hiyo na akalipokea ombi. Akivuna, atakuwa amefanya kwa maelfu ya wengine kile anachoomba asifanyiwe yeye. Asipovuna, atakuwa amemdanganya aliyempa. Njia ya tatu hakuiona. Akasimama pale mwalonini hadi jua lilipopanda na wenzake wakaanza kuitana kurudi.

Uani kwa Vennera shuka zilikuwa zimeshatandazwa na harufu ya siki imejaa. Kila mmoja alimwaga alichovuna, kina mama wakazinyunyizia punje siki kama ilivyo desturi, ili rangi isitoroke, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Menga alikaa karibu na kisima. Cicca alimfuata na kuchungulia kikapu chake.

"Shoga, mbona kitupu? Au umewala?"

"Sikuvuna."

"Hukuvuna." Cicca alishusha sauti, lakini sauti ya Cicca hata ikishushwa inafika barabarani. "Menga, kanisa zima lilijua umeahidi joho. Ulisema mwenyewe kwa sauti, mtunza kengele akasikia. Mama Maria si mtu wa kuchezewa. Mimi sikuombei baya, lakini ukimwahidi yule halafu ukamgeuka, unajua atakachochukua."

Menga alikuwa ameshika tumbo bila kujua kwamba ameshika. Wanawake waliona. Kazi ilisimama uani kote, siki ikiendelea kudondoka.

"Nina mimba," alisema. "Tangu kabla ya Kwaresima. Sikusema, na nilikwenda mwalonini hivyo hivyo, nikabandua moja. Sasa mmejua."

Msichana mmoja alifanya pembe kwa vidole chini ya sketi, kukinga jicho. Cicca alikaa kitako ardhini. Vennera aliweka chini chupa ya siki.

"Wote ambao bado mnapata damu yenu, nendeni nyumbani," alisema. "Wewe pia, Cicca."

"Mimi mjane, mama, damu yangu inanisaidia nini?"

"Nenda."

Wakaenda. Walibaki wale bibi wengine wawili, wakaendelea kugeuza punje bila kuinua macho. Vennera alikuja kisimani na kuketi ukingoni karibu na mkwewe. Harakaharaka haikuwa tabia yake. Kwanza alimnywesha maji.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Najua. Umezika wanne, ungeacha kuogopa ningekushangaa. Lile alilolisema yule mtoto wa Lecce ni kweli. Sisi tunalijua. Si kwa Kilatini. Mimi niliambiwa na mama mkwe wangu mwaka nilipokoma. Alinichukua hadi mwalonini, akaniambia, sasa tumbo lako limemaliza kubeba, unaweza kujua mikono yako inabeba nini. Akabandua moja, akanigeuzia. Sikula siku ile."

"Na bado mnavuna."

"Tunavuna. Zeituni ni za bwana mwenye ardhi, ngano ni ya bwana, hata maji ya bonde ni ya bwana. Kichaka peke yake ndicho hakutaka, kwa sababu ya miiba. Ungetaka tule mawe?" Hakusema kwa ukali. "Padri anadhani aliyeita punje alikuwa mjinga. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke, na alijua kabisa. Alitafuta jina ambalo mkono wa binti yake ungeweza kulishika usitetemeke. Halafu akaweka na miiko, mja mzito asije, ili asimlazimishe mtu kufanya hivyo akiwa naye amefunika wake. Jina kwa wanaozaa, ukweli kwa waliomaliza. Ndivyo tulivyoishi. Leo limesemwa mbele ya wasichana, na maji yakimwagika hayazoleki. Watalicheka mwaka huu. Mwaka watakaposhika mimba hawatalicheka."

Menga alikuwa akitazama kucha zake. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

"Yule wa pili," alisema taratibu. "Mwaka ule nilivuna. Sikuwa najua bado kama nimebeba. Na huyu wa mwisho, aliyekuwa na nywele, mavuno ya mwaka ule nilikuwa..."

Vennera alimkamata mkono kwa nguvu hadi ukauma.

"Usihesabu."

"Lakini mama..."

"Usihesabu, nimekwambia. Mimi nilihesabu. Nilirudi nyumbani siku ile nikaanza: mwaka huu nilivuna, mwaka huu sikuvuna, mtoto huyu alikufa, huyu alipona. Najua mdudu hana uwezo wa kumwua mtoto wa mtu. Mungu hawezi kuwa mdogo kiasi hicho. Najua, na sijaacha kuhesabu hadi leo. Mumeo alikuwa na kaka na dada watatu waliokufa, hakuna siku nisiyowapanga mstari. Ndiyo maana jambo hili haliambiwi mtu ambaye bado ana tumbo. Nisingetaka ujue. Ningependa uzeeke hujui."

Menga alilia, kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia kwa hao wanne, maana kila mara waliomzunguka walimwambia avumilie. Vennera alimwacha alie hadi akamaliza. Kisha aliingia ndani, akatoka na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, akauchukua mkono wa kulia wa mkwewe na kuuweka kwenye goti lake. Kwetu kucha hazikatwi kabla mavuno hayajaisha. Anayekatwa ni aliyefiwa. Alizikata zote, mmoja mmoja, hadi nyama.

"Na nadhiri yangu?" Menga aliuliza.

"Nitaivuna mimi. Mwambie Mama Maria kwamba mikono iliyomlea mumeo ni mikono ya nyumba yako. Yeye alizaa, ataelewa. Asipoelewa, aje kwangu aniulize mimi."

Alivuna peke yake, upande wa mbali wa kichaka ambako wengine hawaendi. Alikataa kusaidiwa hata na bibi wenzake. Alirudi kila mchana mikono ikiwa myekundu hadi kwenye viwiko, akamwaga punje kwenye shuka yake ya pembeni, akanyunyiza siki yeye mwenyewe, halafu akanawa kwa majivu, akanawa tena, na bado hakupita karibu na Menga hadi jioni. Joho lilitiwa rangi mwezi wa saba. Siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni sanamu ilitolewa nje, na jua lilipopiga lile joho watu walitoa sauti moja, hata wanaume waliokuwa wakivuta tumbaku nyuma. Menga alipiga magoti, tumbo limemtangulia, hakuweza kusema limependeza. Alisema asante, na akaomba msamaha, na hakuwa na hakika kipi anamwambia nani.

Mtoto alizaliwa wiki ile tunayofungua divai mpya. Wa kike. Alilia kabla hajatoka vizuri, kilio cha hasira, na Titta aliyekuwa mlangoni na kofia mkononi alianguka chini kama gunia. Kwa siku nzima Menga hakulala, alikuwa akitega sikio kwenye kile kifua kidogo.

Vennera alifanya kila kitu. Alipika supu ya kuku, alipasha vitambaa, alikesha akichochea moto. Lakini mtoto hakumgusa. Akihitaji kubadilishwa, alimwita mkunga. Akilia, alisukuma susu kwa mguu. Menga aliona, akadhani ni uchovu wa uzee.

Kisha ikaja siku ya ubatizo. Kwetu mama aliyetoka kujifungua haingii kanisani hadi atakasike, na mtoto hubebwa na bibi mzaa baba. Si mtu mwingine, bibi akiwa hai. Wazazi wa ubatizo walikuwa nje, wakigonga miguu kwa baridi, Titta ameshavaa koti la harusi yake. Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa cheupe, amewekwa kwenye mapaja ya Menga kitandani. Vennera alisimama mlangoni na shali yake nyeusi, mikono ameificha ndani ya shali.

"Mpeni Cicca ambebe," alisema.

"Cicca si bibi yake, mama."

"Nimezeeka. Nitamwangusha."

"Juzi ulibeba pipa la maji."

Menga alimtazama, na akaelewa. Yule mama alikuwa amevuna kwa niaba yake, joho zima, maelfu, huku akijua. Wengine huvuna wakidhani ni punje. Yeye alijua kila moja, na alikuwa akihesabu.

"Mama, njoo hapa."

Alikuja taratibu hadi kitandani.

"Mikono yako, nipe."

"Menga."

"Nipe."

Aliitoa. Ilikuwa safi, imekunjamana, kucha zimekatwa fupi. Menga aliishika yote miwili. Alijua anachotaka kusema, na alijua kwamba wote wawili watajua si kweli. Akasema hata hivyo, bila kutabasamu, kwa sauti ile ile ambayo watu wazima humwambia msichana anapokabidhiwa kikapu chake cha kwanza.

"Zilikuwa punje, mama. Punje za mwaloni. Mti unazaa, tunachuma. Yule Padri ni kijana, hajui."

Vennera alimtazama kwa muda mrefu.

"Punje," alisema.

"Punje tu."

Menga akamwinua mtoto na kumweka mikononi mwake. Yule bibi alisimama wima kabisa, hakuthubutu hata kupumua, hadi mtoto alipopiga chafya na kumkamata kidole. Ndipo alipomvuta kifuani, akamfunika kwa shali nyeusi hadi kichwani, akatoka.

Mlango uliachwa wazi na baridi ikaingia, lakini Menga hakutaka ufungwe. Aliwasikia wakishuka njia ya mawe kuelekea kanisani, Titta akimwambia mama yake aangalie anapokanyaga, wazazi wa ubatizo wakicheka kitu. Walipofika kwenye kona ya kichaka aliisikia sauti ya Vennera, kavu kama kawaida yake, ikimwambia mtoto: "Na ile pale ni mialoni, mjukuu wangu. Mwezi wa tano huzaa punje nyekundu."